Kibla ya Nahodha Idarusi

Sehemu ya Saba

Kikombe cha Haidari bado kiko hewani. Tulikiacha hapo Jumamosi iliyopita, nusu ya njia kati ya sahani na mdomo, na kama kahawa imepoa, lawama ni zako wewe msomaji uliyekaa wiki nzima bila kuja kumwambia akinywe.

Kwa yule aliyelipata gazeti hili leo likiwa limefungia samaki, habari kwa ufupi ni hii. Idarusi, mpishi, kijana wa Shauri Moyo, amerudi Nairobi akisema kwamba miezi minne ya mwaka huu wa hamsini na tano alikuwa Ufaransa, juu ya mashua ya matanga ya bwana wake Mzungu, wakitembea bandari hadi bandari. Tangu arudi anavaa kofia nyeupe yenye nanga mbele, na anajiita Nahodha. Watu nao wanamwita Nahodha, wengine kwa heshima, wengine kwa sababu zao.

Leo amepeleka posa kwa Mzee Muhidin, fundi cherehani, kumwomba binti yake Lela. Na Haidari mwenye duka, ambaye naye anamtaka Lela ila hajawahi kupata ujasiri wa kutuma mtu, amejialika kwenye posa ya mwenzake, amekula kaimati saba, kisha amesimama na kikombe mkononi na kusema:

"Mtu huyu hajatoka Mombasa. Mwezi wa saba nilimwona kwa macho yangu, akiosha sahani hotelini."

Haya, Haidari, shusha mkono. Tuendelee.

"Kwa macho yako?" akauliza Mzee Muhidin.

"Haya haya mawili, mzee."

Nyuma ya pazia la chumba cha ndani, bangili za Lela zililia mara moja, zikanyamaza.

Mzee Mursal, mjomba wake Idarusi, ndiye aliyeleta posa, na kwa desturi ndiye aliyepaswa kumtetea mpwawe. Bahati mbaya alikuwa na kaimati mdomoni. Akanyanyua kidole kuonyesha kwamba neno linakuja. Neno likachelewa.

Sasa ujue jambo moja, msomaji, ndipo utajua kwa nini Idarusi alitokwa na jasho alasiri ile ya baridi. Mzee Muhidin hakuwa mtu wa kutaka makuu. Dada mkubwa wa Lela aliolewa miaka mitatu nyuma na kijana mtanashati aliyesema ni karani, ana nyumba Tanga. Karani hakuwa. Nyumba haikuwako. Kilichokuwako Tanga ni mke na watoto wawili. Binti alirudi Shauri Moyo na sanduku lake kichwani, na tangu siku hiyo baba yake ana neno moja tu kwa kila anayebisha hodi: "Maskini nitampa, mgeni nitampa. Mwongo simpi."

Basi Idarusi leo anatafuta kitu kimoja: kuaminiwa. Na kwa mwezi mmoja na nusu, barazani, amefanya kila awezalo ili mtu mwenye akili asimwamini.

"Karatasi zako za safari ziko wapi?" Haidari akauliza.

"Ziko kwa Bwana Hollis."

"Bwana Hollis yuko wapi?"

"Amebaki Ulaya."

"Ahaa! Amebaki." Haidari akageukia wageni. "Tena tumuulize. Hiyo mashua yenu, Nahodha, ilibeba nini?"

"Haikubeba kitu."

"Haikubeba kitu?"

"Ilitubeba sisi. Bwana, dada yake Bwana, baharia mmoja Mfaransa, na mimi."

"Mkienda wapi?"

"Bandari ya pili."

"Kufanya nini?"

"Kula chakula cha mchana."

"Halafu?"

"Halafu Bwana alilala. Akiamka, tunakwenda bandari ya tatu."

"Kufanya nini?"

"Kula chakula cha jioni."

Waliokaa mkekani pale walikuwa watu ambao maisha yao yote hawajakwenda mahali bila sababu. Mtu wa Shauri Moyo akienda sokoni Gikomba anakwenda na mzigo au anarudi nao. Hata akienda matangani hubeba kibaba cha unga.

"Hakuna haraka?" akauliza mtu mmoja kwa huruma, kama anayeuliza habari za mgonjwa.

"Bwana hakupenda haraka. Upepo ukizidi, tanga linashushwa. Alisema kama upepo una haraka, utangulie. Siku nyingine bandari ilionekana asubuhi, karibu kiasi cha kusikia mbwa, na sisi tunafika alasiri. Tulitoka Marsei, tukaenda bandari iitwayo Kasisi, tukakaa siku nne kwa sababu dada yake Bwana alipenda zabibu za pale. Tukaenda Bandoli. Tukaenda Tuloni. Tukasahau kitabu Bandoli, tukarudi."

"Mlirudi kwa ajili ya kitabu?"

"Kilikuwa hakijaisha kusomwa."

Haidari akapiga makofi. "Mnasikia? Chombo hakina shehena, hakina abiria, hakina haraka, na kinarudi nyuma kufuata kitabu. Hata mwendawazimu wa Gikomba akisukuma mkokoteni, ndani ataweka walau jiwe! Njia ya mwongo ni fupi, mzee. Hii imeishia bandarini Kilindini."

Watu wakacheka. Hata Mzee Mursal alicheka, akakumbuka yuko upande gani, akakohoa.

Mzee Muhidin hakucheka. Alikiweka kikombe chake juu ya cherehani iliyofunikwa kitambaa, akamtazama Idarusi kwa utulivu wa fundi anayetafuta kitambaa kimepindia wapi.

"Nina swali moja tu," akasema. "Huko Ufaransa ulisali?"

"Nilisali, mzee wangu. Sikuacha hata moja."

"Ukielekea wapi?"

Swali dogo, msomaji. Mtu angeweza kulijibu huku akifunga kamba za viatu. Idarusi angefikiri kidogo, mambo yangekwenda vingine. Lakini kijana alifurahi kuulizwa kitu asichohitaji kukitia chumvi, akajibu haraka:

"Kaskazini. Kama hapa."

Mzee Muhidin akafumba macho.

Hapa kwetu Makka iko kaskazini. Kila mkeka wa sala Shauri Moyo umelala ukitazama upande wa Pumwani, na mtoto wa miaka saba akikosea hurekebishwa kwa fimbo. Lakini Mzee Muhidin, ambaye hakwenda shule, alikuwa na bintiye aliyekwenda, na ramani ya dunia ya Lela ya darasa la sita ndiyo iliyobandikwa ukutani kuziba ufa. Mzee ameitazama ramani ile miaka kumi akipiga cherehani.

Akachukua mkasi akauweka mezani. "Nairobi hii." Juu ya mkasi akaweka kidonge cha uzi. "Makka hii." Kisha akapapasa mfukoni, akatoa kifungo kikubwa cha koti, akakiweka mbali, juu zaidi na kushoto.

"Na Ufaransa hii. Sasa, mwanangu, mtu aliyekaa hapa kwenye kifungo akielekea juu, Makka iko upande gani wake?"

Watu wote wakainama juu ya meza. Wote wakaona.

"Mgongoni!" akapiga kelele Haidari. "Ameipa Makka mgongo! Miezi minne! Achague sasa, mzee. Ama hakwenda, na ni mwongo, ama alikwenda, na sala zake zote alizitupa baharini. Mwongo au mjinga, ipi posa tuipokee?"

Kicheko kilichofuata kilisikika uani, ambako mama yake Lela, Bi Muhiba, alikuwa akipika pilau akisaidiwa na shoga yake Phelister. Miiko ikasimama.

Idarusi hakucheka, hakukasirika. Alivua ile kofia nyeupe yenye nanga. Akaitazama. Akaiweka chini, mkekani, mbali kidogo na goti lake.

"Mzee wangu," akasema, "sijamaliza kujibu."

"Maliza."

"Nianze na kofia. Mimi si nahodha."

"Hilo tulilijua," akasema mtu.

"Nilikuwa mpishi. Bwana Hollis hali chakula cha Wafaransa, kinamsumbua tumbo, ndiyo maana alinichukua kutoka hapa. Ile dhoruba niliyowasimulia, kwamba nilishika usukani usiku kucha..."

Wasomaji wa Sehemu ya Tatu wanaikumbuka dhoruba hiyo. Mawimbi yalikuwa marefu kama jengo la halmashauri. Mwandishi mwenyewe aliyapunguza.

"...dhoruba ilikuwako, lakini mimi nilikuwa chini jikoni, kichwa changu kiko ndani ya sufuria. Usukani nimeushika mara moja tu. Kati ya Bandoli na Tuloni. Bwana alishuka chini kutafuta miwani yake."

"Kwa muda gani?" akauliza Mzee Muhidin.

"Kama dakika tano."

"Na mashua ilikwenda wapi?"

"Haikwenda, mzee. Hakukuwa na upepo."

Mara hii kicheko kilikuwa kingine. Kilikuwa na upole ndani yake, na kilianzia nyuma ya pazia.

"Na kibla?"

"Kibla nilikosea kweli. Usiku wa kwanza Marsei niliona haya kumwuliza mtu. Niliona ile dira ya Bwana, sindano yake inaonyesha kaskazini, nikasema Alhamdulillahi, hii hapa. Tangu utotoni mimi najua kibla ni kaskazini. Sikujua kwamba mtu anaweza kwenda mbali hata akaipita Makka. Na mashua ikitia nanga huzunguka, mzee. Naanza sala natazama kanisa, nikitoa salamu natazama akina mama wa Kizungu wanaoga, na nguo zao..."

"Tumeelewa," akasema Mzee Muhidin.

"Basi nikaiomba dira, nikawa naiweka mbele ya mkeka, nikageuka nayo. Najiona hodari. Siku hamsini na mbili nilisali hivyo. Siku ya hamsini na tatu tuko Tuloni, tumefunga kamba gatini, nasali alasiri. Nilipotoa salamu nikamwona mzee mmoja wa Aljeria, mbeba mizigo, amesimama juu ya gati na gunia lake begani. Akalitua gunia. Akaingia chomboni bila hodi. Akanishika mabega akanigeuza, hivi, kama mtu anayegeuza kabati. Mashariki, na kusini kidogo. Akanionyesha kwa kidole: Makka. Makka. Kisha akaanza kucheka. Alicheka hata akakaa juu ya kamba."

Idarusi akaisogeza ile kofia mbali zaidi na goti lake.

"Akaacha kucheka aliponiona nalia."

Mzee Mursal alikuwa amekwisha meza kaimati yake na sasa angeweza kusema, lakini hakutaka tena.

"Kwa nini hukusema haya tangu ulipofika?" Mzee Muhidin akauliza.

"Ningeanzaje, mzee? Mtu anarudi Ulaya, mtaa mzima unamzunguka, umeona nini, umefanya nini. Aseme nimepika mchuzi na nimekosea kibla? Nikasema nahodha. Neno likatoka. Kesho yake lilikuwa limekua, keshokutwa lina dhoruba."

Bangili nyuma ya pazia zikalia tena, taratibu.

Na hapo, msomaji, ungedhani mambo yamekwisha. Haidari hakudhani hivyo. Mfanyabiashara wa Shauri Moyo haachi bei kwa sababu mnunuzi ana machozi.

"Hadithi tamu," akasema. "Jana nahodha, leo mliaji. Lakini aliyetuambia ya jana ni huyu huyu. Mbeba mizigo wa Aljeria aje atoe ushahidi, tutamngoja!"

Watu wakatazamana. Kwa hilo alikuwa na haki, na Mzee Muhidin alilijua. Uso wake ulianza kufunga, kama duka saa sita ya Ijumaa.

"Sala za siku hizo hamsini na mbili, tano kila siku," akasema polepole. "Aliyejua amekosea, hulipa. Umezilipa?"

"Nimeanza kwenye meli ya kurudi. Nyingine nazilipa hapa. Kila sala ya leo, nikimaliza, naongeza moja ya Ufaransa. Zimebaki kumi na moja."

"Nani amekuona?"

"Hakuna. Nazisali chumbani, mlango nimefunga."

"Hakuna!" akarudia Haidari, akiwaonyesha wageni viganja vitupu.

"Nani anasema hakuna?"

Sauti ilitoka mlango wa uani. Alikuwa Phelister, mwiko mkononi, punje za pilau zimegandia juu yake. Phelister ni mkewe Okumu wa posta. Chumba chao na chumba cha Idarusi vinagawana ukuta mmoja, na ukuta wenyewe halmashauri iliujenga kwa ubahili.

"Mama Amolo, haya ni mazungumzo ya wanaume," akasema Haidari.

"Ongea, wewe ongea, mimi nimalize halafu urudi," akasema Phelister. "Mzee Muhidin, shikamoo. Mimi ni mtu wa kanisa, maneno ya dini yenu sijui. Lakini masikio niko nayo. Hii ukuta yetu ni nyembamba, jirani akipiga chafya mimi nasema pole."

"Marahaba, mama. Umesikia nini?"

"Watu wenu wote hapa nasikia wakiomba. Anaanza, anainama, anasimama, anamaliza, anaenda kazi. Huyu? Akimaliza anaanza tena! Kila wakati mbili, mbili. Asubuhi mbili, mchana mbili, usiku mbili. Tangu arudi. Na ile ya alfajiri ndiyo mbaya, kwa sababu mtoto ameamka na ya kwanza, namlaza, huyu anaanza ya pili, mtoto ameamka tena. Mimi nikamwambia Baba Amolo, huyu jirani wetu huko alienda ameua mtu. Kama si mtu, basi ni kitu kikubwa. Nataka kumwuliza kila siku, naogopa." Akamgeukia Idarusi, mwiko umemwelekea kifuani. "Kumbe ni njia tu ulipotea! Si ungeniambia nilale?"

Bi Muhiba, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akaziba mdomo kwa leso.

Mzee Muhidin alikichukua kile kifungo cha Ufaransa, akakigeuza kwenye vidole vyake.

"Barazani mtu anaweza kusema atakalo," akasema mwishowe. "Kusema ni bure. Lakini sijaona mtu anayeamka alfajiri, mlango amefunga, wiki baada ya wiki, kulipa sala za nchi ambayo hakwenda." Akakitia kifungo mfukoni. "Alikwenda."

"Mzee..." Haidari akaanza.

"Ngoja, nakuja kwako. Ulisema ulimwona Mombasa mwezi wa saba?"

"Mwezi wa saba, ndiyo."

"Mwanzo wa mwezi au mwisho?"

"Mwezi mzima nilikuwa kule, mzee. Biashara."

"Idi ya kuchinja mwaka huu ilikuwa lini?"

Haidari akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Mwisho wa mwezi wa saba," akajijibu Mzee Muhidin. "Na kanzu yako ya Idi nilishona mimi, kwenye cherehani hii. Ulikuja kupimwa mara tatu mwezi huo, Haidari. Mara tatu, kwa sababu kila ukija, tumbo limeutangulia uzi wangu. Au kulikuwa na Haidari wawili?"

Safari hii kilichocheka ni chumba chote, na ua, na nadhani hata pilau. Haidari akakaa. Kwa kukosa la kufanya, akanyosha mkono akachukua kaimati ya nane.

Mzee Mursal akaona wakati wa neno lake umefika. "Mimi nilikuwa nataka kusema hayo hayo," akasema.

Mzee Muhidin akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Sehemu ya Tano. "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Umezunguka huko, mwanangu, umerudi kwenye ukweli. Kofia hii ya nanga naichukua, nitaitumia kufuta mafuta ya cherehani. Zile kumi na moja zimalize kabla ya ndoa. Na Mama Amolo alale."

"Ahsante, mzee wangu."

"Lakini sikiliza." Tabasamu likaondoka. "Binti yangu mkubwa yuko humu ndani na sanduku lake. Sitaki la pili. Kama kuna jambo jingine la Ufaransa hujalisema, lolote, liseme sasa. Leo ni siku ya msamaha, nitakusamehe zima. Kesho sitasamehe hata nusu. Liko?"

Idarusi alitazama chini. Mimi niliyekuwa nikimtazama kwa niaba yako, msomaji, nakuambia alitazama chini kwa muda wa mtu kumeza tonge. Si zaidi.

"Hakuna, mzee."

"Bismillahi. Tuisome Fatiha."

Mikono yote ikanyanyuliwa, viganja vimetazama juu. Hata Haidari alinyanyua wake mmoja, ule usio na kaimati. Fatiha ikisomwa, posa imekubaliwa. Nyuma ya pazia bangili hazikulia kabisa. Mzee Muhidin akavuta pumzi ya kuanza.

"Hodi!"

Alikuwa Okumu, mumewe Phelister, bado amevaa sare yake ya posta, anahema.

"Hodi wenyewe! Samahani, naona mko kwa maombi. Nahodha yuko hapa? Nimepita nyumbani hayuko. Kifurushi chako kimefika leo, nikasema kwa nini kingoje mpaka Jumatatu, na sisi ni majirani." Akakinyanyua juu wote wakione, karatasi ya kaki na uzi wa katani. "Kimetoka Ufaransa!"

Chumba kikalipuka. Ufaransa! Mzee Mursal akapiga mkeka kwa kiganja. Mtu mmoja akampiga Haidari bega, akimpa pole. Kama ungetaka ushahidi, huu hapa, una stempu.

Watu wote walishangilia, isipokuwa mmoja. Idarusi alikuwa ameshanyosha mkono kukichukua kifurushi, na aliunyosha haraka mno.

Mkono mwingine ulikuwa na haraka zaidi. Ulitoka kwenye pazia, una bangili tano na hina ya wiki iliyopita, ukakichukua kifurushi mkononi mwa Okumu.

"Humu ndani msomaji ni mimi," ikasema sauti ya Lela. "Stempu imepigwa muhuri wa Tuloni. Ni kweli, baba. Tuloni."

"Alhamdulillahi," akasema Mzee Muhidin, mikono yake bado iko juu.

Karatasi ikasikika ikigeuzwa.

"Idarusi," akasema Lela. "Yule mzee mbeba mizigo aliyekugeuza, jina lake nani?"

"Tulimwita... tulimwita Haji."

"Haji. Maana huku nyuma, kwa aliyekituma, pameandikwa Zaitun. Kwa mwandiko mzuri sana."

Kaimati ya Haidari ilisimama hewani, nusu ya njia kati ya sahani na mdomo. Ndani, nyuma ya Lela, mtu alisogeza sanduku.

"Sasa niambie, Nahodha," akasema Lela, kwa upole ambao Phelister, mlangoni, alirudi nyuma hatua moja alipousikia. "Huyu Zaitun, yeye alikugeuza upande gani?"

Idarusi alitazama chini, safari hii kwa muda wa matonge mengi. Mzee Muhidin alimngoja. Kisha akaishusha mikono yake, mmoja baada ya mwingine, akaiweka juu ya magoti.